Basani Yenye Nilienda Kutafutia Kanisa ku Likasi

Bamama ya kanisa yetu ya Kapolowe balinituma ku Likasi juu ya mamba. Mu muto, fasi yenye tulikuwa tunabatizia, mamba alimukamata mama mumoya mukono. Tokea ile siku pasta alikataa kuingiza batoto mu maji. Batoto kumi na mbili balikuwa banangoya, na Ruti, mutoto yangu ya mwisho, alikuwa mu bale. Tulisikia kama ku Likasi usine moya, kiwanda ya mawe ya madini, ilikufa, na byuma byenye bilibakia banabigawia makanisa; bamama balitaka basani kubwa ya kubatizia. Nikaomba Mungu, nikafunga chakula yangu mu kitambaa.

Saa kumi na mbili ya asubui nilipanda kamyo ya makala. Nilikaa juu ya mifuko, uso yote ikakuwa nyeusi. Ku barrière, fasi basoda banasimamisha kamyo, balicheka, bakamuuliza dereva kama huyu mama naye anamuuzisha kwa mufuko.

Saa sita ya midi, Likasi. Shemeki yangu Kasongo, bwana ya mudogo yangu, alikuwa zamu, mulinzi, ku ile usine. Alitumika mule miaka mingi mbele ifungwe. Sasa anachunga kimya tu. Nilizania atanielezea yote. Lakini kila muntu alikuwa anajua kazi yake moya. Yeye alikuwa anafungula na kufunga robine ine. Maji gani ilikuwa inapita mule, hakuambiwa hata siku moya.

Saa nane tuliingia. Mashini zilisimama mu mustari kama bantu benye banangoya kuitwa. Courant ya umeme hakukuwa tangu miezi mingi, lakini ku bomba moya mushale ya kupimia ilikuwa inatetemeka. Nikauliza inapima nini. Shemeki akaniambia nisiiangarie sana.

Tukaanza kubahatisha. Kulikuwa pipa ya chuma kubwa kama nyumba, ndani mipira ya chuma kama bichwa bya batoto. Nikasema ni ya kufulia nguo.

"Nguo ya nani, Yaya? Ya Goliati?" shemeki akauliza; ananiita Yaya juu niko mukubwa ya bibi yake.

Ile aliijua: ilikuwa inasaga mawe, na kelele yake ilikuwa inamufwata mpaka mu kitanda. Ingine ilikuwa na mikono sita, yote inaonyesha chini. Ile tuliizunguka mbali.

Kisha nikaona basani. Ndefu kama bitanda mbili, ngazi pembeni, ndani rangi ya majivu, bila kutu. Maji ya mvula ilikuwa mule, safi kabisa. Nikapiga magoti kumushukuru Mungu, ncha ya kikwembe yangu, nguo ya kufunga kiunoni, ikaingia mu maji.

Alafu nikaangaria tena. Ilikuwa mwezi ya mvula. Inje, mu kila kopo, tududu twa mbu tulikuwa tunacheza. Mu ile basani, hata kamoya. Majani ya muti ililala chini, mazima, meupe kama karatasi. Buibui hakujenga ku ngazi. Nyasi haikuota pembeni.

"Shemeki, hii ilikuwa ya nini?"

"Ni basani, Yaya. Maji inaingia, maji inatoka. Unataka nikuonyeshe passeport yake?"

Kesho yake asubui dereva ya kamyo alikuya kupakia ile basani. Nilikuwa nafunga kikwembe, bidole bikapita: ncha yote ilikuwa matundu-matundu, kama imekuliwa. Nikamuonyesha shemeki. Alikaa chini, akaangaria mikono yake.

"Basi njo ile ilikuwa inapita mu robine yangu," akasema.

Nikamuambia dereva tuende bila kintu.

Ku Kapolowe bamama bamoya balisema nilienda tu kutembelea mudogo yangu. Nikatandaza kikwembe mbele yabo. Nikabaambia kama batoto kumi na mbili tungebaingiza mu ile maji. Bakakamata majembe. Tukachimba shimo nyuma ya kanisa, tukaipaka udongo, tukachota maji ku kisima siku mbili. Mvula ikatuzuia mpaka siku ya saba.

Ile siku Ruti alisimama pembeni ya shimo, akarudi nyuma. "Mama, kuko tududu mu maji."

Pasta alitaka tuimwange. Nikakataa. Kama haujue kazi ya kintu, angaria nani anaishi karibu yake. Ile njo nilijifunza ku Likasi.

"Ingia, mwanangu," nikamuambia Ruti. "Bale tududu batakuachia fasi."