Jicho Lisilokosea

Ati nyinyi wanangu, mushawahi kumrukia kijana wa watu msiyemjua, mkamfunga leso kiunoni na kumpigia vigelegele mbele ya stesheni nzima? Basi mimi nishafanya, na uzee wangu huu, na mpaka leo nikipita Miritini najifunika buibui hadi puani utadhani nimeiba kitu.

Yote yalianza na ukope. Asubuhi moja napika mahamri hapa nje kwangu Chaani, Mombasa, ukope wa juu wa jicho la kulia ukaanza kunicheza, na sisi tuliozaliwa huku twajua, ukicheza wa juu utaona mgeni wa mbali, ukicheza wa chini utalia. Sasa mwenye akili angenyamaza akageuza mahamri yake. Mimi (mdomo huu, Mungu anisamehe) nikamwambia jirani yangu Mama Kalume, aliyekuja kununua, "Leo pana mtu wa mbali yuwaja."

Akaiweka sahani chini. Mwanawe Kalume yuko Uarabuni, kazi ya ulinzi, na tangu Ramadhani simu yake ilikuwa haipatikani, mama mtu halali, kakonda kama uzi. Akaniuliza, "Ni Kalume, Bi Mwana?" Hapo ndipo ningesema Mungu ndiye ajuaye, yakaisha. Nikasema, "Sasa nani mwengine?"

Mjukuu wangu Zuhura, anayesomea ualimu wa sayansi, akatoa kichwa dirishani.

"Bibi, na asipokuja utasemaje?"

"Atakuja."

"Lakini asipokuja?"

"We mtoto, usitutie nuksi asubuhi asubuhi!"

Basi, neno likishatoka si lako tena. Wanawake wa mtaani wakauliza yuwaja na nini, nikasema ndege ya Uarabuni si hutua Nairobi, na watu wa Nairobi si wote hushukia Miritini kwa hii treni mpya, wakaniamini kana kwamba Kalume mwenyewe kanipigia simu. Kufika mchana kuku keshachinjwa, wali wa nazi uko jikoni, na sisi tumebanana kwenye tuktuk mbili na madafu miguuni, Mama Kalume kavaa gauni lake la kanisani, Zuhura kanuna, mimi mbele kama bibi harusi.

Treni ikaja, watu wakaanza kumiminika na masanduku yao ya magurudumu, na macho yangu haya (hilo hilo la kulia lina mtoto wa jicho, lakini hilo sikuwaambia) yakaona kijana mrefu, kofia kichwani, begi mgongoni. Nikapiga ukelele "Kalumeee!" nikamrukia shingoni, wenzangu nyuma wakapiga vigelegele, mmoja akamfunga leso, mwengine akamtia dafu mkononi, na watu washatoa simu zao wanatupiga picha. Kijana kasimama kama mlingoti.

"Shosh," akasema polepole, "mimi si Kalume. Mimi nimekuja kutafuta job hapo bandarini Kipevu."

Hapo pia ningeomba radhi, tukarudi nyumbani. Lakini mbele ya umati ule? Nikageuka, nikapaza sauti: "Mwaona? Mgeni wa mbali huyu hapa! Jicho lilisema mgeni, halikusema Kalume!"

Mama Kalume alikuwa angali anatazama mlangoni. Watu wakapungua, wakaisha, akatoka mfagizi na ufagio wake. Akakaa chini pale ukingoni na gauni lake la kanisani, akasema, "Bi Mwana, mimi mgeni nilimtaka mmoja tu." Akaanza kulia, kilio kile kisicho na sauti. Na mimi (hili ndilo linalonichoma, si lile la kijana) nikausikia ulimi wangu wasema, "Ndiyo maana na ukope wa chini nao ulinicheza kidogo."

Zuhura akaniinamia. "Bibi, Kalume akija, jicho limesema kweli. Akija mwengine, limesema kweli. Mama Kalume akilia, pia limesema kweli. Sasa kutokee nini ndipo useme leo jicho limenidanganya?"

Wallahi nilitafuta. Nilipekua kichwa chote, sikupata. Yule kijana, leso ingali kiunoni, akavuta dafu lake akasema, "Hiyo jicho ni kama timu inashinda hata mechi haijachezwa." Wanawake wakacheka mpaka wakashikana, mimi nikatamani niwe sanduku, mtu anivute aniondoe.

Jioni barazani Zuhura akaniambia, "Bibi, la jicho lako si nadharia ya sayansi."

Nikaruka. "Nadhiri? Mimi sikuweka nadhiri yoyote!"

"Nadharia, Bibi!" Akacheka akashika mbavu. Ni fikira, akasema, ya kueleza kwa nini mambo yako hivi. Na haiwi ya sayansi kwa sababu imesemwa na mwenye miwani, wala kwa sababu haijakosea. Mwenye kuitoa lazima aseme mapema, kabla hajaona, kwamba kikitokea kitu fulani basi mimi nimeshindwa.

Nikamuuliza, na bamvua je? Wazee husema mwezi ukiwa mpevu bahari hujaa kupita siku zote.

"Na mwezi ukiwa mpevu, maji yasipojaa?"

"Basi wamesema uongo, na Likoni nzima itaona."

"Ehe! Hiyo inaweza kukamatwa, Bibi. La jicho halikamatiki."

Nikakaa nikilifikiria. Miaka yote najisifu jicho langu halijakosea hata siku moja, kumbe hiyo ndiyo ila yake! Lisiloweza kukosea halikwambii kitu. Lakwambia mwanao yuwaja, na halijasema lolote, ila wewe ushachinja kuku. Na hata masikio yangu hayakwenda mbali sana: mwenye nadhiri hutaja mapema atakachotoa, mwenye nadharia naye hutaja mapema kitakachomuumbua.

Nikenda kwa Mama Kalume, nikamwambia, "Mimi sikujua kitu. Nilikisia nikajifanya najua." Akafungua mlango wote, akasema, "Kuku angalipo. Ingia tule."

Kalume hatimaye alipiga simu, alhamdulillahi, baada ya muda mrefu. Simu iliharibika na mshahara ulikuwa umezuiliwa. Mtaa mzima ukanijia mbio, "Bi Mwana, jicho lako hilo!" Ulimi ukaniwasha, jamani, ulimi ukaniwasha! Nikasema, "Jicho halikujua chochote." Siku hizi ukope ukicheza naosha uso, basi.

Lakini Zuhura naye sikumwacha hivi hivi. Nikamuuliza, "Na hao watu wenu wa sayansi, hakuna anayehamia ukope wa chini akiona kashindwa?"

"Wapo, Bibi. Kukubali kunauma."

"Basi nipe ahadi."

Akanishika mkono, na unga wake wa mahamri, akaniahidi: siku atakapopewa darasa lake, akifundisha jambo kisha likaonekana si hivyo, hatalificha wala hatalipindua, atasimama mbele ya watoto wa watu awaambie, "Jana niliwafunza makosa. Futeni."