Bomba Lililoita Majembe

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu milimani juu ya Same, pembe ilikuwa na kazi moja tu: kuita watu kwenye msaragambo. Ikilia asubuhi, kila nyumba ilitoa mtu na jembe, wakaenda kuzibua mifereji au kutoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Kuipuliza ovyo kulikuwa mwiko. Bibi Nakijwa, aliyenilea, alisema majembe yakiitwa yakarudi nyumbani makavu, bila kugusa udongo, ardhi hudai, na kinachochimbwa baada ya hapo ni kaburi. Nilimsikiliza kwa sikio moja.

Sikio la pili lilikuwa kwenye simu ya Mjomba Elieza. Alifanya kazi Same mjini, na kila alipopanda kutusalimia alikuja na muziki wa watu ambao hata yeye hakujua wanaishi wapi. Siku moja akanionyesha mzee wa Australia akipuliza gogo refu lililo wazi ndani. Sauti ilitoka chini, ikaunguruma bila kukatika, utadhani yule mzee havuti pumzi. Nilitaka kujua anafanyaje. Nilitaka mpaka nikakosa usingizi, na hapa sitii chumvi.

Gogo sikuwa nalo. Nilikuwa na kipande cha bomba la plastiki kilichobaki kwenye mradi wa maji, nikakizungushia nta ya nyuki pale pa kuweka mdomo. Mwanzoni lilitoa sauti za kutia aibu, na Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. Kisha, Jumamosi moja asubuhi, nikiwa nyuma ya zizi, midomo ikalegea inavyotakiwa na bomba likaunguruma. Nikapuliza tena na tena, mlima wa ng'ambo ukaitika. Sijui kama nimewahi kufurahi vile.

Nilipozunguka nyumba, watu walikuwa wanapanda njia ya kwetu, majembe begani.

Mzee Mbonea, mwenye pembe ya kijiji, alikuja na pembe yake mkononi, akitaka kumjua aliyempokonya kazi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku akilitazama bomba langu. Hakuna aliyecheka. Bibi alitoka ndani akikohoa, akayaona yale majembe, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaogopa. Nami nikaogopa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mgonjwa wa kifua, na kama ardhi ingedai, nilijua ingeanzia wapi.

Wengine walishaanza kugeuka.

"Hakuna jembe linaloondoka hapa kavu," Bibi alisema.

Akawaonyesha mfereji wetu uliofukiwa na maporomoko ya masika, ambao alikuwa anaomba uzibuliwe tangu mvua ziishe. Mzee Mbonea akanung'unika kwamba kuna watu wanajua kujipatia vibarua vya bure, lakini alichimba. Wote walichimba. Mimi nilikimbia huku na huko nikilia, nikikagua kila jembe kama limeshika udongo.

Jioni nilingoja bomba litupwe motoni. Bibi alilishika, akainusa nta, akanirudishia.

"Utalipuliza majembe yakiwa nje," alisema. "Siku nyingine linyamaze."

Basi siku nyingine nilijifunza ile pumzi isiyokatika kimyakimya, kwa kupuliza mrija ndani ya kikombe cha maji. Siku za msaragambo nilikaa ukingoni mwa mfereji nikaunguruma, watu wakachimba wakiifuata sauti. Nikichelewa, Mzee Mbonea ndiye aliyeuliza niko wapi.

Leo nyumbani kwangu Mwanga nina vyombo kadhaa vya muziki vya ugenini, na bado kabla ya kupuliza chochote natafuta kazi ya mikono, hata kama ni kuchambua mchele. Ile imani siiamini, ila sijathubutu kuijaribu.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya asubuhi ile. Siku tuliyomzika, nilikaa chumbani kwake na bomba mapajani, nikiona haya hata kuligusa. Mzee Mbonea, naye amekwisha kukonga, akaja kusimama mlangoni.

"Mjukuu wangu, majembe yako nje."

Miaka yote nilidhani Bibi alininyima siku nyingi akanipa chache. Kumbe na siku hii alikuwa amenipa. Nikatoka, nikakaa karibu na waliokuwa wakichimba kaburi lake, nikapuliza. Nililia muda wote, na pumzi haikukatika.