Uzi wa Kofia

Jirani yangu wa mlango wa pili hapa Mji wa Kale hushona kofia za viua, zile zinazodariziwa vitundu kwa mkono, na maisha yake yote alikata uzi kwa meno. "Mkasi wa nini," akisema, "na Mungu kanipa wangu?" Akishapiga fundo aliinua kofia mdomoni, akainamisha kichwa kama anayeinusa, na uzi ukakatika. Mwaka huu meno ya mbele yalimuuma hata mkate wa mofa uliorowekwa mchuzini ukamshinda. Bima ikamlipia kuyang'oa, yote manne. "Ya bandia, mama," karani wa bima alimwambia kwa upole, "hayo utajinunulia mwenyewe." Tangu hapo hucheka nyuma ya leso, na hata kuitikia salamu, mkono hutangulia mdomoni. Lakini mikono yake haijasahau: bado huinua kofia, hufunua mdomo, hukumbuka, huishusha polepole.

Juzi alasiri nilipokuwa nikipita barazani kwake akaniita. "Mwanangu, we una meno. Hebu nikatie uzi huu." Nikainama, nikaukata, kofia ikinukia udi wa nguo zake. "Karibu zaidi na kitambaa," akanikemea, "usiniachie mkia!" Nikarudia. Akaigeuza kofia, akaipapasa kwa kidole gumba, kisha akacheka mdomo wazi hadi leso ikamteleza begani. Nilipoinama kuiokota nikauona mkasi mpya kando ya goti lake, bado umo kwenye karatasi ya dukani. Nikaufunika kwa leso, nikamwambia kesho nitapita tena.