Kondoo Aliyeimbiwa Mlimani

Majirani wa mwisho wa mzee Lhamsuren walihamia mjini baada ya ile baridi iliyofyeka mifugo ya bonde zima. Yeye alibaki na ng'ombe kumi na wanne, kondoo wasiofika mia, na hema lililokuwa kubwa mno tangu mkewe, Yanjmaa, afariki. Mimi ndiye niliyempelekea unga na chumvi kwa lori, mara moja kwa mwezi, njia ikipitika.

Majira ya kuzaa yalipofika, kondoo mmoja, uzao wake wa kwanza, akamkataa mwanawe. Mtoto akisogea kunyonya, teke. Kwetu kondoo wa namna hiyo huimbiwa mpaka moyo ulainike, na kuimba ilikuwa kazi ya Yanjmaa. Lhamsuren alijaribu. Sauti ikakataa kutoka. Alikuwa na siku kumi na moja hajasema na mtu.

Akamkumbuka binti yake, Oyungerel, fundi cherehani mjini. Lakini simu hushika mlimani tu. Basi akamfunga kondoo miguu, akampakia mbele ya tandiko la farasi, mtoto akamtia ndani ya joho, wakapanda. Kule juu akamfungua kondoo kamba, akamtoa mtoto johoni, akampigia binti.

"Baba, kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Imba ule wimbo wa mama yako."

"Sasa hivi? Niko kazini, baba! Watu wananitazama!"

"Waache watazame. Nimembana kwa magoti kondoo aliyemkataa mwanawe, na mgongo wangu unaujua ulivyo."

Kisha, kwa sauti ya chini kama ya mtu aliyejificha nyuma ya pazia, binti akaanza ule mwito wa kumbembeleza kondoo: "Toig, toig, toig..." Mzee akaisogeza simu kwenye sikio la kondoo. Ilikuwa sauti ya Yanjmaa kabisa.

Simu ikazimika. Chaji imekwisha.

Kondoo akaanza tena kurusha miguu. Hapo Lhamsuren akaupokea wimbo pale ulipokatikia, kwa sauti yake ya mikwaruzo, machozi yakimtiririka ndevuni. Aliimba muda gani, mwenyewe hajui. Kondoo akashusha kichwa, akamnusa mwanawe, akamlamba, akamwachia chuchu.

Mzee akageuka amwambie mtu. Upepo tu.

Mimi nilifika siku ya tisa baada ya hapo. Sijazima hata injini, ameshang'ang'ania mlango wa lori, anasimulia, anaigiza teke, anaimba.

"Mzee wangu, niache kwanza nishuke."

"Shuka, shuka," akasema, lakini mlango hakuuachia.