Koti la Mtondo

Ulikuwa mwaka ule wa mafuriko. Hapana, nasema uongo: mafuriko yalikuja mwaka uliofuata, na ndiyo yaliyokata barabara ya mlimani. Huu ulikuwa mwaka wa kabla yake, barabara ingali nzima, na hapo ndipo penye maumivu yote.

Palikuwa na fundi wa nguo, cherehani yake barazani, mgongo ameupa ukuta. Watu walimwita Mtondo. Ukimpelekea suruali akupunguzie, anaitazama, anaikunja, anakwambia, "Njoo mtondo." Sote twajua hesabu ya siku: kesho, keshokutwa, mtondo. Lakini kinywani mwake mtondo haukuwa siku ya tatu wala ya thelathini. Kuna mama aliacha kwake gauni la kuvaa akiwa mjamzito. Alipokuja kulichukua, mtoto alikuwa anatembea.

Mtondo alilelewa na dada yake mkubwa. Huyu dada alikuwa dobi katika nyumba kubwa ya kufulia. Kila mwezi gari lilishuka kutoka kwenye nyumba za mapumziko, kule juu kabisa mlimani ukungu unakoanzia, likileta marobota ya mashuka machafu. Dada alikuwa akifungua robota, anaingiza uso kwanza kabla ya kutia majini. Yalinuka moshi wa kuni na majani mabichi.

"Hata baridi ina harufu yake," alisema, na wenzake wakamcheka.

Miaka kumi na tisa alinusa mahali asipopajua. Alitaka jambo moja tu kabla hajastaafu: apande na gari lile, alale huko siku moja, juu ya shuka alilolifua kwa mikono yake.

Dereva akakubali, ila kwa sharti. "Uwe na koti zito, mama. Bila koti sikubebi. Wa mwisho niliyempandisha alivaa blauzi ya mikono mifupi. Alishuka anakohoa, na lawama zote zikaniangukia mimi."

Basi Jumapili dada akamletea mdogo wake blanketi zito la kijivu, alikate koti.

"Gari linapanda lini, dada?" fundi akauliza, pini zimejaa mdomoni.

"Mtondo."

Fundi alicheka mpaka pini zikamdondoka. Alidhani anataniwa, nani asiyemtania kwa neno hilo? "Haya. Na koti lako njoo mtondo."

"Niletee langoni kazini, basi. Asubuhi."

"Nitakuletea mpaka mlangoni pa gari, nikuvalishe na vifungo."

Dada naye akacheka, akaondoka zake ametulia, kwa sababu yeye alikuwa amehesabu siku, na aliamini mdogo wake naye amehesabu.

Jumatano asubuhi fundi alikuwa anarefusha suruali ya mwalimu mmoja. Koti lilikuwa limetundikwa msumarini, halina mikono. Akapita jirani yake, muuza mkaa.

"Fundi, dada yako anasafiri? Nimempita langoni pao, viatu vipya, kikapu mkononi. Nikamwambia leo umependeza, akaniambia namsubiri mdogo wangu."

Fundi akatazama vidole vyake. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Mguu ukagoma juu ya cherehani. Kisha akalinyakua koti, akatoka mbio, uzi ukimfuata nyuma kama mkia.

Alikuta lango limefungwa. Gari limeshapanda. Dada yuko ndani, aproni kiunoni, mikono ndani ya povu hadi kwenye viwiko, viatu vipya amevipanga dirishani visilowe. Akaliangalia koti, akaangalia mabega ya koti yasiyo na mikono.

"Hiki ni kizibao, mdogo wangu," akasema, na wenzake wote wakacheka. Naye akacheka. Angemtukana, fundi angepata nafuu.

Mikono aliishona mchana uleule. Mwezi uliofuata mvua zilianza, gari halikupanda. Kisha yakaja mafuriko, barabara ikakatika, nyumba za mapumziko zikafungwa, na dada akastaafu. Koti hadi leo liko nyuma ya mlango wake. Mifukoni anaweka vibanio vya nguo.

Fundi hasemi tena mtondo. Anasema Jumatano, na Jumanne kazi iko tayari, lakini jina halimtoki. Nguo za dada anamshonea bila kuombwa. Juzi alimpelekea gauni la tatu mwaka huu, dada akamwuliza kama anataka kumwoza.

Kuna jambo moja lamsumbua fundi. Alimuuliza dereva, akasema hakumbuki, alikuwa anatazama saa yake tu. Mlinzi wa lango alishahama. Na dada mwenyewe, fundi amemuuliza zaidi ya mara moja, wakikunja shuka, huyu kashika ncha huku na yule kule, naye kila mara humjibu avute vizuri, shuka linajikunja. Swali lake ni hilohilo:

"Dada, siku ile pale langoni, ulinisubiri mpaka saa ngapi?"