Sufuria Chini ya Mabati

Harufu ya mvua kwenye mabati ya moto bado hunifanya nivue nguo yoyote nyekundu. Nyumbani, radi ilipoanza kunguruma, nyanya alifunika kioo kwa leso, kisha akanivua sweta ya shule. "Hii nyekundu inaitanga radi." Vyuma vyote vilisogezwa mbali nasi, na nyanya akanishika mkono. Lakini chemchemi yetu, iliyochotwa na watu wengi kuliko zamani, ilikuwa imebaki tope, kwa hiyo mama alitoka kukinga maji. Kila sufuria aliyoitega chini ya ukingo wa paa, ikalia kwa matone, iliniambia kwamba yuko hai. Zililia mbili. Kisha radi ikapasuka, nikasikia mvua tu.

"Mama!"

"Leta debe," akajibu kutoka nje. "Hizi zimejaa."

Nyanya akaniachilia mkono.