Sanduku la Taa na Uso wa Kaka Yangu

Kwa miaka mingi niliamini kwamba marehemu aliyeondoka na kinyongo hakubali kuchapwa kwenye tisheti. Niliamini kabisa, wala si nusu nusu. Patron, bosi aliyenifundisha serigrafi, kazi ya kuchapa picha kwenye nguo, hapa Bunia, alituambia kwamba uso wa mtu wa namna hiyo ukiutia kwenye wavu wa kuchapia, unateleza wenyewe na kwenda na maji. Mimi, mwenye diplome ya shule ya usiku, niliyesomea umeme nikiwa na ndevu nyingi kuliko walimu wangu wote wakijumlishwa, niliitikia kwa kichwa. Kisha nikawa nawasimulia wengine, na kila mara nikiongeza maiti mmoja au wawili.

Huku kwetu familia huvaa uso wa marehemu siku ya mazishi, na kazi yetu kubwa ni hiyo. Tunapaka gundi ya mwanga kwenye wavu uliokazwa katika kadri, fremu ya mbao, tunauweka ukauke katika chumba cha giza, kisha tunalaza picha juu yake na kuuanika juani. Mwanga unapopiga, gundi inakuwa ngumu. Palipozibwa na weusi wa picha inabaki laini, na ukiosha, uso unatokea.

Kaka yangu mkubwa alifia kwenye machimbo ya dhahabu, kwa homa ya siku nne. Mwili wake uliletwa katika wiki ambayo mvua ilinyesha kana kwamba Ziwa Albert lote limepandishwa juu ya mabati yetu. Jua hatukuliona. Mazishi yalikuwa kesho yake, na shemeji yangu, mjane wake, alitaka tisheti kwa ajili yake na watoto.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Siku ya kusherehekea diplome yangu nilisimama mbele ya wageni, bia mkononi, nikasema kaka yangu hata karatasi ya sabuni huisoma juu chini. Watu walicheka hadi viti vikalia. Na yeye ndiye aliyeacha shule tulipokimbia vita kutoka kwetu Fataki, akabeba mizigo sokoni ili mimi nile. Aliweka sahani chini, akachukua kofia yake, akatoka. Tangu hapo alinisalimu kama mtu anayesalimu ukuta. Nilipanga kumwomba msamaha Noeli. Hakufika Noeli.

Basi nikajenga sanduku la kushika nafasi ya jua. Mbao niliziomba kwa seremala aliyekuwa akipigilia jeneza lake. Ndani nilibandika karatasi za rangi ya fedha za pakiti za maziwa, nikazungusha utepe wa taa za LED za zambarau, zile wanazopambia baa, nikaziunga kwenye betri ya sola. Juu nikaweka kioo cha kabati. Nilipowasha, kuku wa parsele tatu, viwanja vya majirani, walikimbia wakidhani dunia imefika mwisho.

Nilipaka gundi, nikaigusa kwa kidole, haikunata. Nikapanga picha, wavu, sifongo na mawe matatu ya kukandamiza. Nikawasha taa kwa dakika nane. Nikamwaga maji, na gundi yote ikaondoka. Nikarudia kwa dakika kumi na tano, kisha kwa nusu saa. Mara zote tatu kaka yangu alikwenda mferejini, maji ya kijani tu.

Shemeji alikuja alasiri, kitenge kimelowa hadi magotini.

"Shemeji, uso iko wapi?"

"Iko nakuya, mama."

"Asubui ulisema sanduku yako inashinda jua."

"Inashinda."

"Sasa?"

Nilimwonyesha wavu mtupu. "Anakatala."

"Nani anakatala?"

"Mukubwa. Alikufa na hasira yangu mu roho."

Aliuinua ule wavu, akanitazama kupitia matundu yake. "Kama anakukatala weye," alisema, "siye na batoto tulimufanyia nini?"

Alijifunga kitenge upya, akaondoka.

Sikwenda makaburini. Ningesimamaje mbele ya mtu aliyekwisha kunikataa mara tatu? Nilikaa nyuma ya ua wa seremala nikisikiliza nyimbo zikipita barabarani, na kwenye tundu la ua nikaona watoto wa kaka yangu wamevaa mashati ya shule. Shemeji hakunisemesha tena.

Miezi ilipita. Siku moja yenye manyunyu, patron wangu, muzee sasa, alikuja kuona hilo sanduku alilolisikia mjini. Aliligeuza, akalisifu. Nami nikamweleza yote, bila kuongeza chumvi hata punje. Alianza kucheka, akaona mimi sicheki.

"Ile wavu ulikausha siku ngapi?"

"Siku gani tena, patron? Saa moja. Nilikuwa na haraka."

"Mu mvua?"

"Mu mvua."

Alikaa juu ya ndoo.

"Gundi ilikuwa mbichi. Juu kavu, ndani maji. Kile chumba cha giza kinakausha kwa joto ya mabati, na mabati inapata joto kwa jua. Sanduku yako ni muzuri, lakini haikaushi."

"Na ile ya kinyongo?"

"Ile nilikuwa naambia wateja, mvua ikinishinda. Hakuna mufu anakatala kitu. Enda uambie muke wa mukubwa wako."